Tangi la Samaki la Mama Yako

Mwanangu Atugonza,

Umetoka kwenda kuaga majirani na najua hutarudi upesi, maana hapa Ihembe kila nyumba utakayoingia watakulazimisha ukae na uonje chochote kilicho jikoni. Nimevuta meza karibu na kiti cha mama yako, nikachukua karatasi. Yeye ananiangalia. Nadhani anajua ninachoandika, kwa sababu tangu mchana hajaniondolea macho.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki. Hayo mashangazi zako wamekwisha kukuambia hadi ukachoka. Umemwogesha mama yako, umemlisha, umemgeuza kitandani, na mtu aliyefanya kazi hiyo haambiwi akumbuke kuvaa sweta. Nataka tuzungumze juu ya tangi la samaki. Utaona ajabu, lakini mimi si mtu wa maneno, na tangi ni kitu ambacho angalau nilikishika kwa mikono yangu.

Wiki iliyopita uliniambia unataka kuahirisha chuo tena. Sikukujibu. Nilikuona leo asubuhi ukikunja nguo na kuzikunjua, bado sikukujibu. Jibu langu linakuja, ila litazunguka kidogo. Nimechoka, na mtu aliyechoka hapiti njia za mkato, huzikosa.

Mama yako alipoanguka gulioni kule Isingiro, alikuwa ameshika kitenge anamsifia mteja. Waliokuwepo walisema neno lilimkatikia mdomoni, kisha naye akakaa chini polepole kama anayetaka kupumzika. Tulipomrudisha kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umelala. Unamkumbuka alivyokuwa kabla ya hapo. Aliweza kumuuzia kitenge mtu aliyekuja kununua maharage. Mimi siku nzima nakata aluminiamu na vioo vya madirisha, masikio yanavuma, na nikirudi nilikuwa napenda kukaa kimya huku yeye anaongea. Sikujua kwamba ukimya wangu ulikuwa umeegemea maneno yake. Yalipokwisha, nilikaa sebuleni mwangu kama mgeni ambaye mwenyeji wake ametoka.

Wewe ulikuwa umepata nafasi ya chuo cha ufugaji wa samaki, ukaiacha. Hatukukuomba. Ulikuja tu na begi lako ukalisukuma chini ya kitanda. Na ulikuja na kile kitangi kidogo alichokupa mwalimu wako wa baiolojia alipohama, chenye samaki wachache waitwao gapi, wenye mikia kama vitambaa, ukakiweka juu ya friji.

Tulikuwa tunamwelekeza mama yako kwenye televisheni tukidhani inamliwaza. Wewe ndiye uliyeona kwamba anapinda shingo kwa taabu kuelekea friji. Mimi nilidhani ana njaa, nikamletea ndizi. Ukanishika mkono ukasema, "Taata, anaangalia samaki."

Hapo ndipo ulipoanza habari ya tangi kubwa, la kukaa mbele yake, lenye mimea na samaki wa aina mbalimbali wanaoweza kuishi pamoja. Nilikwambia kidogo chenyewe kinatushinda, kila mara maji yanachafuka, kikubwa tutakiwezea wapi? Ukasema kikubwa ndicho rahisi. Nilicheka. Ukanieleza kwamba maji machache yanaharibika upesi, chakula kikizidi kidogo au baridi ikishuka ghafla, samaki hawana pa kukimbilia. Maji mengi yanabadilika polepole, yanampa mtu nafasi ya kuona kosa lake na kulirekebisha. Nilikusikia, sikukuelewa. Leo naelewa, na sisemi juu ya maji peke yake. Kule unakokwenda, usijibanie maisha yakawa madogo mno hata kosa moja likayaharibu yote. Jipe nafasi ya kukosea.

Mimi nilikosea kwanza kwenye kioo. Ulinionyesha unene unaotakiwa, nikakuona mtoto. Nimefunga madirisha kuanzia Kayanga hadi mpakani, nani wa kunifundisha kioo? Nikaunganisha tangi kwa vioo vya dirisha nilivyokuwa navyo karakana. Bahati nzuri ulisisitiza tulijaribishe nje, uani, kabla ya kuliingiza ndani. Tulimimina ndoo baada ya ndoo, mimi nimesimama nimeshika kiuno, na maji yalipofika karibu na ukingo kile kioo cha mbele kikatoa mlio mdogo kama mtu anayekohoa, kisha kikaachia. Maji yote yakaenda kwenye migomba. Viatu vyangu vilijaa. Wewe ulichukua fagio ukaanza kukusanya vipande. Nimekaa na vioo maisha yangu yote lakini vioo vyangu vilizuia upepo tu, na upepo hupiga ukapita. Maji yanasukuma mchana na usiku bila kupumzika. Nimeifikiria sana tofauti hiyo tangu mama yako augue. Shida ya siku moja nilikuwa naijua. Hii ya kusukuma kila siku sikuwa nimeitengenezea kioo chake.

Nikaagiza kioo kinene kutoka Bukoba. Nikachomelea meza ya chuma, nikaiweka sawa kwa pima maji, nikatandika kipande cha godoro bapa juu yake ili kioo kisilalie chuma kitupu. Tukaliweka ukutani mbali na dirisha, kwa sababu ulisema jua likiingia kutajaa mwani. Unakumbuka Ma Verediana wa jirani alivyoshangaa? Kwetu omwani ni kahawa. Akauliza kwa nini tunaogopa kahawa kuota ndani ya tangi, kama inaota si tumshukuru Mungu. Mama yako alicheka siku ile, upande mmoja wa mdomo. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza ya chuma na msasa mkononi, nikabaki huko huko chini nikijifanya natafuta kitu.

Kosa la pili unalijua, ulilinusa mwenyewe. Ulichekecha udongo mzuri wa kuweka chini ya mchanga, ili mimea ipate pa kuzamisha mizizi, ukanionya kwamba usiwe na mbolea. Ulipoondoka kwenda kutafuta mimea ziwani, nikautazama ule udongo nikauona maskini. Mtu wa Karagwe hawezi kupanda kitu bila samadi. Nikachanganya kidogo, ile iliyokwisha kukauka, nikafunika kwa mchanga uliokuwa umeuosha hadi mikono ikanyauka. Baada ya siku chache maji yalikuwa kijani kama supu ya kisamvu na sebule inanuka zizi. Tulimwaga yote. Tukachota udongo wote kwa vikombe. Nilitegemea ungenigombeza. Uliniuliza tu, huku umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama nadhani mama anaweza kupona haraka nikimpa dawa nyingi zaidi. Wiki ile ile nilikuwa nimeleta chupa nyingine kutoka kwa mganga wa Nyakatuntu, na wewe ulikuwa umeziona zimepangwa nyuma ya kabati.

Niliacha kuzileta, mwanangu. Sikukwambia, lakini niliacha baada ya siku ile.

Tukaanza upya. Ukapanda mimea yako moja moja kwa kibano kirefu, mirefu nyuma, mifupi mbele, na ule wenye majani mapana ukaufunga kwa uzi kwenye gogo. Mimea ikaanza kuoza. Majani yakawa kama yamepikwa, yanachomoka yanaelea, nami nikasema basi, imekufa, tumepoteza muda. Ukaingiza mkono ukachomoa mmoja kunionyesha mzizi, mweupe, mzima. Ukasema majani yale yaliotea ziwani, hayawezi maji ya hapa, lazima yafe ili yatoke mengine yanayoyajua maji haya. Usiing'oe, ukasema, iache. Utakapofika kule ugenini, siku za mwanzo utajiona unaharibika. Utashindwa kula, utashindwa kusoma, utalia kwa jambo dogo. Usifikiri umekosea kwenda. Nikumbuke mimi niliyetaka kung'oa kila kitu.

Halafu ukatungojesha. Tangi limejaa, taa inawaka, ile pampu ndogo inabubujisha, na samaki hakuna. Ulisema maji bado mabichi, vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki havijaota vya kutosha kwenye sponji la chujio. Ulichukua sponji chafu la kitangi kidogo ukalikamulia humo ili kuvipanda. Kila siku chache ulikuwa unapima maji kwa matone yako ya rangi unatikisa kichwa. Watu wakawa wanakuja kuangalia samaki wanakuta maji. Ta Ishengoma, yule mwenye bwawa la samaki, alikaa kwenye kochi akanywa chai yote, akatazama, akatazama tena, mwishowe akaniuliza kwa upole, "Mnafuga maji?"

Niliona aibu. Sasa naona zilikuwa siku nzuri. Mama yako alikuwa anakaa mbele ya mimea ile kuanzia asubuhi, na mimi nikiwa sina safari nilikaa naye, na hapakuwa na kitu cha kungojea kitokee. Tangu augue nilikuwa kila siku nangoja: anyanyue mkono, aseme jina langu. Nikimwangalia nilikuwa namkagua. Mbele ya maji matupu niliacha kumkagua. Tulikaa tu.

Samaki walikuja kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, nami nikaenda kuwapokea stendi nikawakumbatia kwenye koti kwa sababu ya baridi yetu hii. Ukaiweka mifuko majini bila kuifungua, ielee, wazoee joto kwanza. Gapi, wale wekundu wa plati, kundi la neoni wadogo wenye mstari wa bluu unaowaka, na vile vikambare vya chini vinavyotembea vikinusa mchanga. Ulipowaachia walijificha wote, na mama yako akangoja. Mmoja akatoka. Halafu wote.

Nikaharibu tena. Ta Ishengoma, labda kwa kutubu lile swali lake, alinipa kiperege kutoka bwawa lake, kizuri, kinang'aa, nami nikakitia bila kukuuliza. Kilikaa kwa adabu muda mrefu kidogo. Kisha gapi wakaanza kupungua, na hakuna maiti. Uliponikuta nimepiga magoti nikiwahesabu ulicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilisema kile kiperege kina roho mbaya, nitakikaanga. Ukasema, "Hana ubaya, Taata. Ana mdomo mkubwa tu. Amekua." Ukamtoa kwa wavu ukamrudisha bwawani kwenye ndoo, kwa miguu. Utakaa na watu bwenini. Wengine hutawaweza, na si kwamba ni wabaya. Usipoteze nguvu kuwachukia, wala usikae nao tangi moja kwa kuona haya kuondoka.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui.

Siku ile uliyokwenda Kayanga kushughulikia mambo ya chuo, umeme ulikatika tangu asubuhi ukarudi mchana kwa kishindo. Nilikuwa nimempa mama yako uji kwenye kile kikombe chake cha mikono miwili, nikakaa kando yake, usingizi ukanichukua. Niliamshwa na kikombe kikianguka. Uji sakafuni. Nikafuta, nikamjazia mwingine, nikaketi. Akausukuma tena kwa mkono wake wa kushoto, safari hii kwa nguvu, ukafika hadi mlangoni. Nikainama kufuta mara ya pili, nimechoka, nikisema moyoni kwamba leo amekataa kula, basi. Nilipoinua kichwa kumwangalia, hakuwa anaangalia uji, wala mimi. Nikafuata macho yake.

Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanapapia hewa. Neoni wawili walikuwa wamekwisha kulala ubavu. Niliweka mkono kwenye kioo, kilikuwa moto. Kile kipasha maji tulichokitia ndani kwa sababu ya baridi kilikuwa kimenasa umeme uliporudi, kinapasha bila kujizima. Nikachomoa waya, nikakimbilia pipa la maji ya mvua, nikarudi na ndoo, nikaanza kumimina kama mtu anayezima moto. Wewe uliwahi kuniambia kwamba baridi ya ghafla nayo inawaua, lakini wakati ule sikukumbuka hata jina langu.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mpora."

Kwa Kinyambo chetu, yaani taratibu. Sauti yenyewe ilikuwa nene, kama imetolewa chini ya kitu kizito. Niligeuka na ndoo mkononi. Alikuwa anautazama mkono wangu. Nikaweka ndoo chini, nikachukua kikombe chake cha uji, nikakisuuza, nikaanza kutia maji kikombe kimoja kimoja, nikipumzika, yeye akiangalia. Ilichukua mchana wote uliobaki. Wengi walipona.

Uliporudi nilikwambia kipasha maji kimeharibika na samaki kadhaa wamekufa. Sikukwambia neno lile. Nilikuwa nimemwomba alirudie hadi akafumba macho, na hakulirudia. Niliogopa kwamba ukijua, hutaondoka. Utamkalia kila siku ukisubiri la pili, na siku moja utajikuta una umri wangu, bado unasubiri. Mimi nilikosa mtu wa kumwambia jambo hilo, nikabaki nalo peke yangu, na limenichosha zaidi ya kazi.

Dada yangu Leokadia anahamia hapa Jumamosi, na chumba chako atakipata yeye. Tangi nitalitunza. Sitakuahidi litakuwa kama lilivyo sasa. Pengine mimea itarefuka hovyo na vioo vitashika ukungu wa kijani, na ukirudi likizo utakuta gapi tu, maana wale hawachoki kuzaa. Nitabadilisha maji kidogo kidogo kila wiki kama ulivyonionyesha, na wiki nitakayoshindwa, nitashindwa. Mtu mmoja hawezi kushika kila kitu kikabaki vilevile, nimejaribu.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukiondoka atadhani umemwacha. Mimi nilikuwa naogopa hivyo hivyo, ndiyo maana sikukujibu. Leo ulipotoka nilisogeza kiti nikakaa mbele yake, nikalikinga tangi kwa mgongo wangu ili aniangalie mimi. Nikamwambia kwa Kinyambo, maana Kiswahili siku hizi kinamlemea, kwamba Atugonza anataka kubaki kwa ajili yako, wewe unasemaje? Nikamwambia hakuna haraka. Alifungua mdomo akaufunga. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likatiririka hadi shingoni, na mimi nikajizuia kumsaidia, jambo lililokuwa gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Akasema, "Agende."

Aende. Kisha akalia, na sitakuficha, ungeyaona mwenyewe macho yake ukirudi. Lakini neno lilitangulia, kilio kikafuata nyuma yake.

Basi kesho asubuhi usimwombe alirudie, halikuwa rahisi. Mkumbatie upande wa kushoto, ndio unaokusikia, kisha utoke.

Baba yako